Kisa cha Seli Zilizorudishwa Nyuma: Uga wa Umeme Kati ya Ukarabati wa Ubongo na Uvimbe

Mwaka 2017 kundi la watafiti lililowajumuisha Junfeng Feng na Min Zhao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, lilichapisha jaribio lililofanywa ndani ya ubongo wa panya wakubwa wa maabara. Seli shina za neva za binadamu, zilizowekewa protini ya kijani inayong'aa ili ziweze kufuatiliwa, zilipandikizwa katika njia ambayo seli changa za ubongo huifuata zinaposafiri kutoka kwenye vyumba vya ubongo kwenda mbele hadi balbu ya kunusia. Kisha umeme ukapitishwa kinyume cha safari hiyo. Seli zilizopandikizwa ziliufuata umeme, zikarudi nyuma, na zilikutwa katika maeneo zilikoelekezwa wiki 3 baada ya msisimuo na tena miezi 4 baadaye, zikiwa na dalili za kuanza kukomaa kuwa seli za aina mahususi.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama habari njema kwa tiba ya majeraha na maradhi ya ubongo, na ni haki yake. Hapa ninakichambua kwa jicho la swali jingine, ambalo halikuwa swali la jaribio hilo lakini haliwezi kukwepeka mara wazo lake linapohamishiwa kwa mgonjwa: ikiwa uga wa umeme unaweza kuzihamisha seli za ukarabati ndani ya ubongo hai, utazifanya nini seli za uvimbe zilizojificha katika ubongo uleule? Jibu ninalolitetea ni kwamba umeme huipa seli mwelekeo, lakini ncha itakayofuatwa, hasi au chanya, huamuliwa na seli yenyewe, hali yake ya ukomavu na mahali inapotambaa. Kwa hiyo matokeo ya seli shina hayawezi kukopeshwa kwa seli za saratani bila kupimwa upya.

Njia ya kwenda mbele

Katika panya waliokomaa, kwenye kuta za vyumba vya pembeni vya ubongo kuna ukanda mwembamba wa seli shina zinazoendelea kuzaa seli changa za neva. Mwaka 1994 Carlos Lois na Arturo Alvarez-Buylla walionyesha kwamba seli hizo changa husafiri milimita kadhaa hadi balbu ya kunusia, ambako hugeuka kuwa niuroni. Kwa kipimo cha seli yenye upana wa mikromita 10 hivi, hiyo ni safari ndefu sana, na huifanya kwa minyororo, seli moja ikitambaa juu ya nyingine ndani ya ala ya astrosaiti, seli saidizi za ubongo.

Kinachozielekeza kilitafutwa kwanza katika kemia, na kemia ilijibu kwa sehemu. Protini za kundi la Slit, zinazotolewa nyuma ya njia hiyo, huzifukuza seli changa, na mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba vinyweleo vinavyopiga kwenye kuta za vyumba vya ubongo husukuma majimaji na kusaidia kuisambaza kemikali hiyo kwa kiwango kinachopungua kuelekea mbele. Hata hivyo, mwaka 1999 balbu ya kunusia ilikuwa imeondolewa kabisa katika panya wa jaribio, na bado seli ziliendelea kuzaliana na kusafiri. Kivutio kilichodhaniwa kuwa mwisho wa safari kilikuwa hakipo, na msafara haukusimama.

Katika pengo hilo ndipo Lin Cao, Min Zhao na wenzao walipoingia mwaka 2013. Walipima mikondo ya umeme inayotokea yenyewe katika ubongo wa panya wadogo waliokomaa, wakakuta kando ya njia hiyo uga wenye wastani wa takriban milivolti 3 kwa milimita. Walipozipitisha seli changa katika uga wa nguvu kama hiyo, kwenye sahani za maabara na kwenye vipande vya ubongo, ziliufuata, na kipokezi kiitwacho P2Y1 kilihusika katika mwitikio huo. Hili haliiondoi kemia. Seli moja hupokea maagizo mengi kwa wakati mmoja, na umeme ni mojawapo.

Milivolti tatu zinasomwaje?

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa takwimu zenyewe zinatia shaka kabla ya kushawishi. Kwamba mwili hutoa umeme panapovunjika tishu ni jambo la zamani. Emil du Bois-Reymond alipima mkondo wa jeraha katika kidole chake mwenyewe mwaka 1843, na vipimo vya karne ya 20 katika ngozi ya mamalia vilionyesha nyuga zinazozidi milivolti 100 kwa milimita karibu na ukingo wa kidonda. Uga wa ubongo ni dhaifu zaidi kwa mbali. Seli yenye upana wa mikromita 10 ikiwa katika uga wa milivolti 3 kwa milimita, tofauti ya volteji kati ya upande wake mmoja na mwingine ni milivolti 0.03 tu. Mtikisiko wa joto la mwili, ukihesabiwa kwa chaji moja, ni sawa na takriban milivolti 27, yaani karibu mara 900 ya tofauti hiyo. Msomaji wa fizikia ana haki ya kuuliza iwapo kuna kitu chochote cha kusomwa hapo.

Utando wa seli huzuia umeme kwa nguvu kiasi kwamba sehemu ya ndani ya seli hukingwa karibu kabisa na uga wa nje. Kinachobaki ni uso wa nje. Juu ya uso huo kuna protini nyingi zenye chaji, zinazoelea ndani ya mafuta ya utando, na kila moja huvutwa kuelekea ncha yenye chaji kinyume na yake. Wakati huohuo majimaji yaliyo karibu na uso wa seli, wenye chaji hasi, hutiririka kuelekea kathodi, yaani ncha hasi, na kuziburura protini zilizochomoza nje. Nguvu hizi mbili zinaweza kusaidiana au kupingana. Mtawanyiko wa kawaida wa molekuli hufuta sehemu kubwa ya kazi hiyo kila sekunde, lakini molekuli ni maelfu na muda unaotumika ni wa dakika nyingi, hivyo upendeleo mdogo sana hujumlishwa mpaka ukawa na maana.

Ndani ya seli kuna mfumo wa kuukuza upendeleo huo. Mwaka 2006 kundi la Min Zhao lilionyesha kwamba kimeng'enya cha PI3K, kinachosaidia kuunda upande wa mbele wa seli inayotambaa, kinahitajika ili seli ziufuate uga, na kwamba kuondolewa kwa protini ya PTEN, inayopingana nacho, huuzidisha mwitikio. Mbele ikishachaguliwa, nyuzi za aktini hujijenga upande huo na seli husonga. Umeme hausukumi mwili wa seli. Seli hujisukuma kwa nguvu yake, na umeme huchagua upande.

Maelezo haya yana tokeo moja ambalo uchambuzi wote unaofuata unalitegemea. Ikiwa upande wa mbele huamuliwa na protini ipi ilikusanyika wapi na inawasha nini, basi seli mbili zilizolala jirani katika uga mmoja zinaweza kwenda ncha tofauti bila mojawapo kukosea. Seli ileile nayo inaweza kubadili ncha ikibadilisha protini zake za nje. Mwaka 2011 kundi la Toronto lililohusisha Cindi Morshead lilikuta kwamba seli tangulizi za neva za panya wadogo waliokomaa hutambaa kuelekea kathodi katika uga wa milivolti 250 kwa milimita, ilhali seli zilizokwisha kukomaa kutokana na hizohizo hazikuonyesha mwelekeo wa namna hiyo. Nasaba moja, uga mmoja, mwitikio tofauti.

Kwa nini jaribio lilielekezwa kinyume

Nguvu ya kisa cha 2017 iko katika mwelekeo uliochaguliwa. Kama watafiti wangeuelekeza umeme mbele, seli kufika mbele kusingethibitisha chochote, kwa sababu huko ndiko njia yenyewe inakopeleka. Kwa kuuelekeza nyuma, waliuweka umeme upande mmoja na viongozi wote wa asili upande wa pili: kemikali, umbo la njia, na uga mdogo wa ubongo wenyewe. Tayari mwaka 2012 kundi hilohilo lilikuwa limeonyesha kwamba seli shina za neva zilizotokana na seli shina za kiinitete za binadamu huelekea kathodi kwenye sahani, kwa hiyo utabiri ulikuwa wazi kabla ya mnyama yeyote kuguswa. Seli zilipofika zilikotabiriwa, maelezo mbadala yalipungua sana.

Yalipungua, hayakuisha. Kwenye sahani mtafiti ana njia za kuyafunga: mkondo hupitishwa kwenye madaraja ya agari yenye chumvi ili bidhaa za elektrodi zisizifikie seli, na ncha hubadilishwa katikati ya jaribio ili ionekane kama seli zitageuka. Ndani ya ubongo hali si rahisi hivyo. Mkondo mnyoofu ukipita kwa muda mrefu kati ya chuma na majimaji ya mwili huyavunja maji, hubadili asidi karibu na elektrodi na kuua tishu, na tishu inayokufa hutoa kemikali zake zinazoweza kuzivuta au kuzifukuza seli. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ustadi wa kazi hiyo ilikuwa kutafuta namna salama ya kuupitisha umeme, jambo ambalo vichwa vya habari havikulijali. Kanuni inayofuatwa katika uwanja huu ni kusawazisha chaji: msukumo mfupi wenye nguvu upande mmoja hufuatwa na mrejesho mrefu ulio dhaifu upande wa pili, ili chuma kisilimbikize chaji ilhali seli ihisi zaidi upande mmoja. Mwaka 2019 kundi la Toronto nalo liliripoti kwamba msisimuo uliosawazishwa chaji unaweza kubadili uhamaji wa seli tangulizi za neva ndani ya ubongo wa panya wadogo.

Umbali ni kikwazo kingine. Seli inayotambaa kwa mikromita 30 kwa saa bila kusimama itahitaji zaidi ya saa 330, karibu siku 14, kumaliza sentimita 1. Ubongo wa panya mkubwa una urefu wa takriban sentimita 2. Ubongo wa binadamu ni mrefu zaidi mara kadhaa, na kuudumisha uga ndani ya kipande kikubwa cha tishu hudai mkondo mkubwa zaidi kwenye elektrodi, pamoja na hatari zote zilizokwisha kutajwa.

Seli za glioblastoma katika uga uleule

Glioblastoma ni uvimbe wa saratani ya ubongo unaoua kwa kuhama. Mwaka 1928 daktari wa upasuaji Walter Dandy aliripoti wagonjwa waliokatwa nusu nzima ya ubongo kwa sababu ya glioma, kundi la uvimbe ambalo glioblastoma ni aina yake, na hata kwa upasuaji wa kiasi hicho uvimbe ulirejea. Muongo mmoja baadaye Hans Joachim Scherer alieleza njia ambazo seli hizi huzipenda: kando ya mishipa ya damu, ndani ya nyuzi nyeupe, kuzizunguka niuroni, na chini ya utando wa uso wa ubongo. Sehemu kubwa ya uvimbe unaorejea huota ndani ya sentimita 2 hivi kutoka ukingo wa pale palipokatwa, na seli zinazouanzisha upya, zenye tabia za seli shina, zinafanana kwa mengi na zile za ukarabati tunazotaka kuzipandikiza. Kufanana huko ndiko kunakolifanya swali la ncha kuwa zito.

Ushahidi wa maabara haukubaliani, na ninaona kutokubaliana huko kuna mafunzo zaidi kuliko kama wote wangesema jambo moja. Mwaka 2013 aina tatu za seli za glioma zinazokuzwa miaka mingi maabara, U87, U251 na C6, zilielekea kathodi, mwitikio uliohusishwa na uzalishaji wa oksijeni tendaji ya aina ya superoksidi. Mwaka 2016 seli anzilishi za uvimbe zilizotolewa kwa wagonjwa ziliwekwa juu ya uso bapa uliopakwa protini ya laminini, nazo zikaenda anodi, yaani ncha chanya, kinyume cha seli tangulizi za neva zisizo na saratani. Seli anzilishi hizohizo zilipowekwa ndani ya jeli ya pande tatu yenye asidi ya hyaluroniki na kolajeni, ziligeuka na kuelekea kathodi. Mwaka 2021 kundi jingine likaripoti kwamba seli za glioblastoma zilizokomaa zilipendelea anodi na zile za aina ya seli shina zikapendelea kathodi, na kwamba pioglitazoni, dawa ya kisukari, ilipunguza mwelekeo wa makundi yote mawili. Dawa hiyo ilichaguliwa kwa kuwa hupandisha PTEN na kwa njia hiyo kuikandamiza njia ya PI3K, ileile iliyotajwa juu.

Wapo wanaoyasoma matokeo haya kama vurugu ya uwanja mchanga. Mimi nayasoma kama maelezo ya utando yalivyotabiri: ukibadilisha ukomavu wa seli au sakafu yake, umebadilisha protini zilizo nje na jinsi zinavyoshikwa, na ncha inaweza kugeuka. Wala si jambo la ubongo pekee. Mustafa Djamgoz na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba seli za saratani ya tezi dume ya panya zinazosambaa sana huelekea kathodi, ilhali zile zinazosambaa kidogo haziitikii hivyo, na kwamba kuziba njia za sodiamu kwa sumu ya tetrodotoksini huupunguza mwitikio wa zile za kwanza; seli za saratani ya matiti ya binadamu za aina ya MDA-MB-231 huenda anodi. Saratani haina ncha yake.

Matokeo ninayoyapa uzito zaidi ni yale ya jeli. Nafasi kati ya seli za ubongo imejaa asidi ya hyaluroniki, na hakuna seli ya ubongo inayotambaa juu ya kioo bapa. Ikiwa jeli inakaribia ukweli kuliko sahani, basi seli hatari zaidi za glioblastoma, zile zenye tabia ya seli shina, huelekea kathodi, yaani ncha ileile iliyotumika kuzirudisha nyuma seli za ukarabati katika kisa chetu.

Kisa kikihamishiwa kwa mgonjwa

Kwanza niondoe mkanganyiko unaojirudia. Tiba ya nyuga za umeme inayotumika tayari kwa glioblastoma, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2011 kwa uvimbe uliorejea na mwaka 2015 kwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza, hutumia mkondo geu wa kilohezi 200. Katika jaribio la wagonjwa 695 lililoripotiwa mwaka 2017, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 20.9 kwa waliopewa nyuga pamoja na temozolomidi, dawa ya saratani, dhidi ya miezi 16.0 kwa waliopewa dawa pekee. Uga huo hugeuka mara 400,000 kwa sekunde, na protini inayohitaji dakika kukusanyika upande mmoja wa seli haiwezi kuufuata. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuvuruga mgawanyiko wa seli, na mafanikio yake hayathibitishi wala kukanusha lolote kuhusu kuzielekeza.

Tuchukue sasa mgonjwa aliyekatwa glioblastoma, mwenye tundu ambalo tungetaka kulizungushia seli za ukarabati kwa kuweka kathodi kando yake. Seli zilizobaki za uvimbe ziko ndani ya sentimita chache, zimetawanyika katika tishu inayoonekana nzima. Kathodi hiyo ingeweza kuziita seli za ukarabati na seli za uvimbe kwa pamoja. Kuna hatari ya pili isiyohusu ncha hata kidogo: mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba niuroni hufunga sinapsi halisi, yaani viungo vya mawasiliano, na seli za glioma na kwamba shughuli za niuroni huchochea ukuaji wake, kwa hiyo umeme unaoziamsha niuroni njiani unaweza kuulisha uvimbe hata kama hakuna seli iliyohama. Kwa mgonjwa wa aina hii, kuutumia mpango wa panya kama ulivyo nakuona kuwa ni kosa.

Lakini mwitikio uleule una matumizi ya kinyume. Mwaka 2014 watafiti wa Atlanta wakiongozwa na Ravi Bellamkonda waliweka nyuzi nyembamba za polima, zilizolazwa upande mmoja, ndani ya ubongo wa panya wenye glioblastoma ya binadamu. Seli za uvimbe zilizifuata nyuzi hizo, zikatoka nje ya ubongo hadi kwenye jeli yenye sumu ya kuziua. Hapakuwa na umeme. Wazo la kuiongoza seli ya uvimbe hadi pahali pa kufia limekwisha kuonyeshwa katika mnyama, na uga wa umeme una jambo ambalo uzi hauna: unaweza kuwashwa, kuzimwa na kugeuzwa baada ya upasuaji kufungwa. Kwa upande wa pili, pioglitazoni inaonyesha kwamba uwezo wa kuusoma uga unaweza kudhoofishwa kwa dawa. Shida ni kwamba dawa inayoikandamiza njia ya PI3K huenda ikazipofusha seli za ukarabati vilevile.

Jaribio linalokosekana katika mlolongo huu si gumu kulieleza. Panya mwenye seli anzilishi za glioblastoma zilizowekewa rangi moja na seli shina za neva zilizowekewa rangi nyingine, zote zikiwa kando ya njia ileile, apitishiwe umeme uliosawazishwa chaji kama ule wa kisa cha 2017, kwanza kuelekea nyuma kisha kuelekea mbele, huku kundi la kulinganisha likiwekewa elektrodi zisizowashwa ili madhara ya chuma chenyewe yatenganishwe. Rangi zote mbili zikijikusanya upande wa kathodi, elektrodi hiyo inafaa kuwa mtego wa uvimbe na haifai kwa ukarabati mpaka uvimbe uwe umekwisha. Zikiachana, kila moja kwenda ncha yake, elektrodi mbili zingeweza kufanya kazi mbili katika tundu moja, na kipimo cha kwanza cha kila mgonjwa kingekuwa seli zake mwenyewe ndani ya jeli kabla ya waya wowote kuingizwa.